Kaka anataka nimfungulie faili ya mchumba wa binti yake

Mama, salaam sana.

Mimi ni karani wa rekodi katika kituo kimoja cha afya daraja la nne, upande wa Arua, Uganda. Asubuhi nafungua dirisha, napokea madaftari ya wagonjwa, naandika majina kwenye rejista ya wagonjwa wa nje, natoa mafaili ya wale wa kliniki za siku maalumu, na jioni narudisha kila faili kwenye rafu yake. Tuna kompyuta moja. Neno la siri lake limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni mwa skrini, kwa sababu tunaitumia watu wanne na kila mmoja husahau.

Shida yangu ni kaka yangu mkubwa. Baba alifariki nikiwa bado shule ya msingi, na ni kaka aliyeuza tumbaku na ng'ombe mpaka nikapata diploma. Sina cha kumnyima. Sasa binti yake wa kwanza ameposwa na mwalimu wa kijiji cha jirani. Watu wa mwanamume wameshafika mara moja, wamekaa, wamekula, na mazungumzo ya mahari yamepangwa baada ya mavuno. Wiki iliyopita kaka alinipigia simu saa nne usiku. Akasema, "Wewe umekalia mafaili ya watu wote wa hapa. Mwangalie huyo kijana. Sitaki mengi, niambie tu ndiyo au hapana."

Nikamwambia hairuhusiwi. Akacheka. "Hairuhusiwi na nani? Wewe si ndiye shangazi?" Mama unajua kwetu shangazi ndiye anayemwandaa binti. Wifi naye akachukua simu, akasema mtoto akipata maradhi, lawama ni juu yangu.

Kinachonikata maneno ni kwamba mwenzangu wa maabara alishalifanya jambo hili kwa dada yake. Alitazama, akamwambia, "Mchumba wako yuko safi." Wakaoana, na mpaka leo ukoo mzima unamsifu. Kaka anaijua habari hiyo. Ananiuliza, mwenzako alisema neno jema tu, nani ameumia?

Nikwambie ukweli, jina la mwalimu huyo nimewahi kuliona kazini. Sikulitafuta, lilipita mkononi kama yanavyopita mengine. Sitasema ni rejista gani, hata kwako. Lakini sasa binti akija kunionyesha kitenge alichochagua, nashindwa kumtazama usoni.

Je, kuna njia ya kumsaidia mtoto huyu bila kuvunja sheria? Na hiyo sheria ipo kweli, au ni maneno ya warsha tu? Kaka nimwambie nini?

Karani wa dirishani, Arua

*

Karani wangu,

Usiifungue hiyo faili. Na kaka mjibu leo, usingoje kesho, kwa sababu kila siku inayopita bila jibu yeye anahesabu kwamba umeanza kutafuta.

Nianze na mwenzako wa maabara, maana yeye ndiye aliyekuharibia. Kaka anauliza nani ameumia. Hebu fuata habari hiyo mpaka mwisho. Mwenzako alisema "yuko safi" kwa dada yake. Mwezi ujao binamu anamletea jina jingine, naye anatazama, anakuta kitu, anaogopa, anasema, "La huyu siwezi kulisema." Binamu ameshajibiwa. Hakuna ugonjwa uliotajwa, hakuna karatasi iliyotoka, na kijiji kizima kinajua kufikia jioni. Ukishawasema walio wazima, kunyamaza kwako kunawataja wagonjwa. Kwa hiyo jibu jema nalo ni siri, tena ndilo linalofungua mlango. Anayeulizwa habari za wagonjwa lazima awe na jibu moja kwa wote: mwenye malaria, mwenye mimba, mwenye jino, na mwenye lile ambalo kaka yako analiwaza. "Siwezi." Basi.

Na ile "yuko safi" yenyewe ilikuwa kamari. Safi wa lini? Kipimo cha Januari hakisemi lolote kuhusu Agosti. Hata siku ile ya kupima, aliyeambukizwa karibuni anaweza kuonekana hana virusi vya Ukimwi, kwa sababu mwili huchukua wiki kadhaa, pengine hadi miezi mitatu, kabla kipimo cha kawaida hakijaona kitu. Mwenzako alimuuzia dada yake karatasi iliyopitwa na wakati, na bahati ikamsitiri.

Sasa nirudi kwako, na usinichukie. Umesema hutaji rejista hata kwangu, na hapo nilikupigia makofi. Halafu mstari unaofuata umesema huwezi kumtazama binti usoni. Unafikiri wasomaji wangu wameelewa nini? Wengi wameshampa mwalimu wa watu Ukimwi, tena wameshamzika. Huenda jina lake lilikuwa kwenye rejista ya malaria. Huenda alileta mtoto wa dada yake kuchanjwa. Mimi sijui, na sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba uso nao unatoa siri, na wifi yako ana macho. Kwa hiyo kitenge kitazame, kisifu kama ni kizuri, kama si kizuri mwambie akabadilishe, na cheka naye kama ungecheka na binti yeyote wa kaka zako.

Umeuliza kama sheria ipo kweli. Ipo. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu. Mwaka 2019 ikaja Sheria ya Kulinda Data na Faragha, na humo hali ya afya na rekodi za matibabu zimewekwa kwenye fungu la habari zinazolindwa kwa namna ya pekee, pamoja na dini ya mtu, siasa yake, fedha zake na mambo yake ya chumbani. Anayezipata au kuzitoa bila haki anaweza kupigwa faini ya hadi shilingi 4,900,000, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Angalia vizuri neno "kuzipata". Hata ukifungua, ukasoma, ukafunga mdomo, umeshaingia pabaya, kwa sababu kazi iliyokupa ufunguo haikukutuma kwenye faili ile. Na sheria hiyo haimsahau anayesababisha siri itolewe. Kaka yako, kwa simu yake ya saa nne usiku, naye anajiweka karibu na moto.

Kuna pia Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2014, inayosema majibu ya kipimo ni siri ya aliyepimwa. Ina mlango mdogo wa kumwarifu mtu aliye hatarini, kama mwenzi. Lakini anayepima ukubwa wa hatari hiyo ni mtaalamu wa tiba. Karani hayumo, shangazi hayumo, na baba mkwe ndiye hayumo kabisa. Ukiongeza na Mkataba wa Wagonjwa ambao Wizara ya Afya iliutoa 2009, utaona kwamba warsha hazikukudanganya. Mgonjwa akigundua siri yake imetoka, anaweza kupeleka malalamiko kwenye ofisi ya kulinda data binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, huko Kampala, na anaweza kudai fidia. Wewe kama mtumishi wa wilaya utakuwa na mazungumzo yako na Tume ya Utumishi ya Wilaya, nayo haitakuuliza ni nani aliyekusomesha.

Lakini kaka usimsomee haya. Aliyeuza ng'ombe ukasoma hapelekewi vifungu vya sheria kama salamu. Mpelekee hili:

"Kaka, nimekusikia. Siwezi kuifungua faili hiyo na sitaifungua. Kwenye rafu hizo hizo kuna yako, ya wifi na ya mama. Siku mtu yeyote akija kuniuliza habari zenu, atapata jibu hili hili ulilolipata wewe. Vijana waende wakapime pamoja, gharama ni juu yangu."

Ukimaliza hapo, nyamaza. Usiongeze "lakini ungejua…". Usivute pumzi. Usimalizie na "Mungu atatusaidia", maana kaka atakaa usiku kucha akijiuliza Mungu asaidie nini. Kama mama yenu bado ana nguvu, au kuna mjomba ambaye kaka humsikiliza, mwambie huyo maneno yale yale, bila kupunguza wala kuzidisha. Hilo la faili yake mwenyewe ndilo litakalomwingia. Kila mzee mwenye kelele kuhusu mafaili ya wengine ana daftari lake moja ambalo hapendi lisomwe barazani.

Wifi akikupigia baadaye kwa njia ya kuzunguka, "Mimi sitaki majina, niambie tu kama nimshone binti gauni au nisimshone," mwambie gauni ni shauri lake na fundi.

Sasa binti. Hapa ndipo ushangazi wako ulipo, na kaka anakosea anapofikiri kazi yako ni kumpeleleza bwana harusi. Kazi yako ni kukaa na binti. Mtafute mkiwa wawili, muulize anajua nini kuhusu kupima, muulize kama wameshalizungumza na mchumba wake. Kisha waende wote wawili, wapime pamoja, wapokee majibu pamoja mbele ya mshauri. Kipimo cha virusi vya Ukimwi ni bure kwenye vituo vya serikali. Wasije kwako. Waende kituo kingine, mbali na dirisha lako, ili wewe usiyaguse majibu yao na mtu asiseme baadaye kwamba uliyageuza.

Wakiwa huko waulizie na vipimo vingine. Kaswende, kwa sababu inatibika na watu huisahau. Homa ya ini aina ya B, ambayo sisi watu wa West Nile, eneo hili la Arua, tunaisikia sana lakini wengi hawajui kwamba asiye nayo anachanjwa: sindano ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza, na yamekwisha.

Halafu kuna selimundu, ile watu wanaita siko seli. Hii ningetaka kaka yako aisikie kuliko zote. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2016, uliopima damu ya watoto wachanga zaidi ya 97,000 kutoka kila pembe ya Uganda, ulikuta asilimia 13.3 wamebeba kinasaba chake. Aliyekibeba haumwi, anatembea, analima, anafundisha. Wawili waliokibeba wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumzaa mtoto mwenye ugonjwa wenyewe. Sasa kaka anataka umfungulie faili ya kijana. Sawa, na nusu ya jibu iliyo kwenye damu ya binti yake ataifungua nani? Nimewaona wazee wakichunguza ukoo wa mkwe mpaka babu wa tatu, na wao wenyewe hawajui lolote kuhusu wa kwao.

Majibu yakitoka ni ya vijana wale wawili. Kaka hatapewa nakala. Na binti umwambie mapema, kabla hawajaenda, kwamba jibu lolote haliui ndoa lenyewe. Mtu mwenye virusi anayemeza ARV vizuri, virusi vikashuka mpaka kipimo hakivioni, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Nasema hili kwa kila binti, awe ameposwa na mwalimu, mfanyabiashara au imamu, nawe liseme hivyo hivyo, ili lisionekane limekatwa kwa ajili ya mtu mmoja. Kama kuna binti mwingine ukooni anayekaribia kuolewa, waite wote siku moja uwaambie pamoja. Utakuwa umeanzisha desturi, na hakuna atakayejiuliza imeanza kwa sababu ya nani.

Najua kuna swali hukuliandika. Je, kama mtu kazini anajua kwa hakika kwamba mgonjwa ana maambukizi na anakaribia kuoa kimya kimya? Simzungumzii mwalimu wako, nazungumzia mgonjwa yeyote. Habari inaruhusiwa kuingia kwenye kliniki, kutoka ndiko kuliko marufuku. Harusi inatangazwa mpaka sokoni, haikutoka kwenye faili yoyote. Mfanyakazi anaweza kumwambia mshauri au tabibu anayemhudumia mgonjwa huyo, "Mteja wenu ana posa." Amalizie hapo. Wao ndio waliofunzwa kukaa na mgonjwa, kumsaidia amwambie mwenzake, au kumwita mwenzake apimwe kwa ridhaa yake. Huenda wameshayazungumza zamani na wewe ndiye wa mwisho kujua. Mara nyingi ndivyo ilivyo.

Unaona nakuwa mkali, na sababu ni hii. Siku ya kliniki tazama foleni yako vizuri. Utaona daftari lililofunikwa gazeti ili jalada lisijulikane. Utaona mama anayetumbukiza pamba kwenye kopo la dawa lisilie akiwa kwenye boda. Utaona anayepanda gari kupita vituo viwili vya karibu na kwake ili aje kwenu, ambako hakuna anayemjua. Watu hawa wameshalipa nauli kubwa kununua ukimya wako. Siku wakisikia karani humwambia kaka yake, hawatakuja kugombana. Wataacha kuja, na dawa zitakatika.

Mambo mawili ya kazini, kwa haraka. Hiyo karatasi ya neno la siri ibanduliwe, na kila mmoja wenu wanne awe na lake. Mwambie inchaji, yaani mkuu wa kituo, mweleze kwamba mnavyofanya sasa, faili ikifunguliwa kwenye kompyuta hakuna anayeweza kuonyesha ni nani aliyeifungua, na siku likitokea jambo mtashikwa nyote. Nadhani hoja hiyo itamwamsha kuliko hoja ya faragha. Na kama mna ile tabia ya kupiga picha kurasa za rejista na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp ili ripoti ifike wilayani, iacheni. Wilaya inataka idadi, majina ni ya kwenu.

Mwenzako wa maabara mwambie ana kwa ana, bila mashahidi, kwamba kaka yako anamtaja. Huenda hilo peke yake likatosha, kwa sababu kusifiwa na ukoo ni kutamu, lakini kutajwa na ukoo wa wengine kunatisha. Mwambie pia kwamba kaka akichoka na wewe, atakayefuatwa ni yeye. Akikubali kumfungulia, usimfichie: nenda kwa inchaji siku hiyo hiyo. Najua utasema ni mwenzako. Mwalimu naye ni mgonjwa wenu.

Limebaki lile deni la karo, na naona ndilo linalokulemea kuliko sheria. Lilipe, lakini kwa kilicho chako. Faili ya mwalimu si yako, huwezi kuitoa zawadi. Toa nauli ya vijana wote wawili na gharama ya vipimo ambavyo si vya bure. Siku ya wageni kuja kwa mahari chukua jiko, ulishe watu wa pande zote mbili, na kama mfuko unaruhusu mnunulie kaka mbuzi wa siku hiyo, aonekane mbele ya wakwe zake kama mtu aliyesomesha dada.